Ngoma ya Benchi

Tangazo lilisomwa Jumapili kanisani kwetu Nyanga, baada ya lile la watoto wa kipaimara na kabla ya lile la mnada wa mazao. Mzee wa kanisa alilisoma kwa sauti yake ya puani, bila haraka hata kidogo. "Mwalimu Kokubelwa atamtolea Mungu shukrani kwa njia ya ngoma, kwa kuponywa saratani. Ni Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye ghala la zamani la kahawa, Kagondo. Wote mnakaribishwa. Mwenye ndizi asije mikono mitupu."

Watu waligeuka kunitazama, wakatabasamu. Wengine walipiga makofi. Nilikuwa nimekaa benchi la nne, kitambaa kichwani, natamani ardhi ipasuke inimeze na kitambaa changu.

Kwanza, sikuwa nimepona. Au niseme vizuri: sikuwa najua. Siku chache baada ya Jumamosi hiyo nilitakiwa kuwa Mwanza kusomewa majibu ya vipimo. Pili, kilichopangwa kufanyika ghalani hakikuwa shukrani. Kilikuwa onyesho la kazi ambayo ilikuwa haijaisha, ngoma isiyo na mwisho kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa hatujaupata. Na aliyepeleka tangazo lile kwa mzee wa kanisa alikuwa mama yangu mzazi.

Ninaandika haya mwaka mwingine, kahawa ikiwa imeanikwa uani na hali yangu imetulia. Nakuandikia wewe uliyeambiwa jana au juzi, na bado hujajua umwambie nani. Sitakueleza ugonjwa, daktari wako yupo na anaujua kuliko mimi. Nitakueleza habari za benchi, za mkono wangu wa kushoto, na za mama.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Jumamosi nacheza ngoma, lakini si zile za harusi. Tuko watatu: mimi, Deusi ambaye ni fundi cherehani mjini, na Adela msusi. Tunachukua kitu ambacho watu wanakifanya kila siku, tunakirudia na kukipunguza mpaka ubaki mwendo wake tu. Deusi aliwahi kutengeneza ngoma nzima kutokana na mguu unaokanyaga cherehani. Majirani walidhani ana degedege.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafungua mlango wa ghala na kuonyesha tulichonacho, kimeiva au hakijaiva. Onyesho lenyewe tunaliita Mbichi. Lina sheria moja, na Deusi anailinda kuliko anavyolinda mkasi wake. Ngoma ikisimama, anayetaka kusema aanze na neno "Niliona". Haruhusiwi kusema nzuri, mbaya, wala mngefanya hivi. Aseme alichokiona tu, na Deusi anaandika kwenye daftari. Kwa maneno hayo ndipo sisi tunajua kazi imefika wapi.

Ugonjwa ulinikuta Novemba, senene walipoanza kuruka. Nilikuwa nimekaa uani, ungo mapajani, nawanyonyoa mbawa na miguu. Kila nilipovuta mkono wa kushoto, ulisuguana na kitu kigumu pembeni mwa titi. Nilidhani ni jipu. Nikawakaanga senene wangu, nikala, nikalala usingizi mzuri. Kama utachukua kitu kimoja tu katika maneno yangu yote, chukua hiki: nilikaa na uvimbe ule wiki saba kwa sababu nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Usinifuate.

Hospitali ya mjini ndipo nilipolijua benchi. Kwenye korido ile hakuna mstari wa kusimama. Mnakaa, na anayeingia kwa daktari anaacha nafasi mbele, basi wote mnasogea, na aliyefika mwisho anakaa mkiani. Nilifika saa moja asubuhi nikiwa karibu na choo, saa nane mchana nikawa mlangoni kwa daktari. Hakuna anayekufundisha, ila ukichelewa kusogea unasukumwa kiunoni na mtu ambaye hata hajakusalimia. Wanaume wanainuka nusu na kukaa tena. Wanawake tunakusanya kitenge chini ya paja na kuteleza. Ubao unaoupokea una joto la mwenzako, na wewe unamwachia anayefuata joto lako.

Nilikaa kwenye benchi lile kupima, nikalikalia kutolewa kinyama cha kupelekwa maabara, na baada ya hapo nikalikalia kungoja majibu ya kinyama. Majibu yalipokuja nilipelekwa Mwanza, na huko nikakuta benchi refu zaidi.

Mume wangu Joas nilimwambia siku ile ile. Mama nilimfuata kwake Muleba, nikamkuta anapalilia kibanja, nikamwambia tukiwa tumesimama katikati ya migomba.  Aling'oa jani kavu, akalikunja, akalitupa.

"Usimwambie mtu," alisema.

Nilijua sababu yake, na ndiyo maana sikumkasirikia siku hiyo. Nikiwa darasa la pili, mdogo wake mama alikufa kwa ugonjwa huu huu. Alikuwa amelazwa chumba cha nyuma nyumbani kwetu, dirisha limefunikwa, na wageni wakiuliza wanaambiwa amesafiri. Mama ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka na beseni. Nadhani alipomaliza kumzika alijiapiza kwamba neno lile halitaingia tena nyumbani kwake. Kijijini akawaambia watu kwamba mimi nimekwenda Mwanza kwenye kozi ya walimu. Kozi hiyo ilichukua miezi minane, na sikuleta cheti.

"Mae, utanisindikiza Mwanza?" nilimuuliza.

"Na kibanja nimwachie nani?"

"Kibanja hakikimbii."

"Na mbuzi?"

Alikuwa na mbuzi mmoja, mpole, wa kufungwa hata kwa uzi. Nilimtazama yule mbuzi kwa chuki ambayo hakustahili.

Nilitaka kitu kimoja tu kwa mama, na nakisema wazi kwa sababu ndicho kilichonisumbua kuliko sindano. Nilitaka aje akae na mimi kwenye lile benchi, mara moja tu. Kila safari alituma mkungu wa ndizi kwa basi, na punje za kahawa ya kutafuna alizofunga kwa jani la mgomba. Vilifika vyote. Yeye hakuja.

Walinikata titi la kushoto Februari, pamoja na tezi za kwapani. Dripu za dawa zilikuwa sita, zikaanza masika ilipoanza. Ya kwanza ilikuwa dawa nyekundu, na mkojo ulipotoka mwekundu nilimwita nesi nikilia. Akanishika bega akasema, "Mwalimu, hiyo ni rangi tu, kesho itaisha." Laiti angeniambia kabla. Kwa hiyo wewe nakuambia kabla.

Ya pili ilichukua nywele. Adela alikuja nyumbani na mashine yake ya saluni, akaninyoa kimya, akafagia, akazifunga kwenye gazeti. Yeye aliyekuwa akinisuka kila mwezi alishindwa kunitazama mpaka alipomaliza. Ya tatu ilichukua ladha, hata chai ilikuwa na ladha ya sarafu. Kucha zikawa nyeusi. Kipande cha limau kilinisaidia na karanga zilinisaidia, na kuna siku hakuna kilichosaidia nikalala chini sakafuni kwa sababu ilikuwa baridi.

Joas ni mnunuzi wa dagaa, anawafuata kisiwani Bumbire na kuwaleta mjini. Sasa nifikirie mimi, ambaye harufu ya samaki ilinitapisha kutoka uwanja wa pili, nimeolewa na mtu huyu. Alikuwa hanilaumu. Akirudi ziwani anapitia kwa jirani, anaoga kwa sabuni na limau, anabadili nguo zote, ndipo anapiga hodi nyumbani kwake kama mgeni. Mpaka leo jirani anamtania kuwa ana nyumba ndogo pale.

Na ndizi alimenya yeye. Tezi zikishatolewa, mkono unavimba upesi, kwa hiyo nesi alinikataza kuutia jeraha na kuubebesha ndoo. Kwetu mwanamume kukaa chini na kumenya ndizi ni jambo la kuchekwa, na alichekwa. Alimenya vibaya, akiondoa nusu ya ndizi pamoja na ganda, na vidole vyake vikawa vyeusi kwa utomvu. Lakini sufuria ilikaa motoni kila siku. Nilimpenda upya mwaka ule, ingawa sikuwa na nguvu za kumwambia.

Tulikorofishana pia, nisije nikakudanganya. Aliogopa kuligusa kovu, akalala ukutani kabisa kama anayeogopa kulivunja. Mimi nikaona anachukizwa. Tulikaa hivyo mpaka mwezi wa saba, nikiwa Mwanza kwenye mionzi, aliponiuliza kwa simu kama linauma likiguswa. Kumbe swali lenyewe lilikuwa dogo hivyo.

Mionzi ilinibabua ngozi ikawa kama sufuria ya kijijini. Nilirudi nyumbani Agosti, kahawa ikiwa tayari imevunwa, nikaanza mazoezi ya mkono. Unasimama karibu na ukuta na kuvipandisha vidole taratibu, kimoja baada ya kingine, mpaka bega likatae. Hapo unaweka alama. Niliyafanya ghalani, kwa chaki yangu ya shule. Wiki ya kwanza alama ilikuwa usawa wa kifua. Wiki ya pili pale pale. Wiki ya tatu nikapata upana wa kidole, Deusi akaishangilia kana kwamba timu yake imefunga.

Deusi alinishonea pia titi la kitambaa. Alilijaza pumba, akaona ni jepesi, akaongeza maharage. Nilipolivaa na kucheza lilitoa mlio wa kayamba. Tulicheka mpaka Adela akakaa chini. Hatukuwa tumecheka pamoja tangu Novemba.

Ngoma ya benchi ilizaliwa hapo. Sikuwa na nguvu za kuruka, nikakaa, na nilipokaa mwili ukakumbuka kusogea. Wenzangu wakakaa nami. Tuliazima benchi refu la kanisani, tukasogea, tukasogea tena. Anayefika mbele anainuka, anakwenda ukutani, anapandisha vidole mpaka anapoishia, anarudi kukaa mkiani. Hakuna ngoma wala filimbi, kuna mlio wa kitenge juu ya mbao basi. Tulijua inavyoanza na inavyozunguka. Inavyoisha hatukujua, na kila mwisho tuliojaribu ulikuwa uongo. Adela alipendekeza niinue mikono yote miwili juu. Nikamwambia mmoja unakataa.

Tukakubaliana kuionyesha hivyo hivyo. Nikampigia mama simu kumkaribisha, kosa likawa hilo. Alikuja kutoka Muleba mwisho wa wiki iliyofuata, na kabla ya kufika kwangu alipitia kwa mzee wa kanisa.

Baada ya ibada ile nilimsubiri mama njiani.

"Mae, umefanya nini?"

"Nimetangaza."

"Umetangaza kwamba nimepona."

"Hujapona? Unatembea, unakula, nywele zimeota."

"Majibu bado. Na ile ngoma bado, haina mwisho. Tunaionyesha ikiwa mbichi."

"Bojo, mwanangu, mimi sijawahi kuita wageni nikawapakulia matoke mabichi." Alisimama, akarekebisha kitenge kiunoni. "Niliweka nadhiri, Koku. Nilimwambia Mungu akikurudisha sitaficha tena, nitasimama mbele ya watu na mkungu mkubwa kuliko yote kibanjani. Amekurudisha. Nimeshamwambia asante. Sasa unataka nikamwambie nini?"

Nilikuwa nimechoka na jua lilikuwa kali. Nilisema, "Mwambie hujui. Hukuwahi kufika kule ukaona."

 Alitangulia mbele yangu mpaka nyumbani, akachukua mkoba wake, akarudi Muleba mchana ule ule bila kula. Siku tano hatukuzungumza. Nilijuta kila siku kati ya hizo tano, na kila siku niliona bado nilisema kweli, na hayo mawili hayakupatana tumboni mwangu. Nikamwambia Deusi tuahirishe.

"Ukiahirisha utakuwa umelikubali tangazo," alisema, sindano mdomoni. "Njoo ucheze."

Jumamosi Deusi alitandaza nyasi mbichi ghalani, kama tunavyowatandazia wageni wa heshima. Kwa kawaida watazamaji wetu wanatosha kwenye mikeka miwili. Siku hiyo ghala lilijaa mpaka mlangoni. Walikuja akina mama wa kwaya na sare zao, walimu wenzangu, watu wa Muleba waliokodi gari. Mikungu ya ndizi iliegemezwa ukutani, na mkubwa kuliko yote ulikuwa mbele, karibu na mama. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Alinitazama, akatazama nyasi.

Nilisimama. 

"Wakola waitu, asanteni kwa kuja," nilisema. "Tangazo lilisema nimepona. Mimi sijui. Jumatatu nakwenda Mwanza kusomewa majibu. Nilikuwa naumwa saratani ya titi, sikuwa kwenye kozi. Na ngoma hii haijaisha. Tutacheza mpaka tulipofika, halafu tutaacha."

 Kisha sauti ya mama mmoja wa kwaya ikauliza kutoka nyuma, kwa upole kabisa, "Sasa sisi tuimbe wapi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, na tukaanza.

Tulikaa watatu kwenye benchi. Tukasogea. Deusi akaenda ukutani, akarudi. Tukasogea. Ghala lilitulia, nikasikia mbao zikilia chini yetu. Mzunguko wa tatu, Adela alipoinuka, sisi tulisogea mbele na mkiani pakabaki wazi. Hapo ndipo Mama Stela wa kwaya alipoinuka kutoka kwenye nyasi. Ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, na alikuwa amekaa chini muda mrefu. Aliona nafasi. Alipiga hatua tatu, akakaa, akaweka mkoba mapajani.

Hakuwa anacheza. Alikuwa ameona benchi lina nafasi. Lakini tuliposogea alisogea, akikusanya kitenge chini ya paja barabara, kwa sababu mkoa huu hakuna mama asiyelijua benchi la hospitali. Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha. Adela aliporudi kutoka ukutani alikaa nyuma yake. Tukasogea wanne. Mama Stela akafika mbele, mlango hauko, daktari hayuko.

"Sasa naingia wapi?" aliuliza.

Deusi, ambaye kwake kusema kwenye ngoma ni mwiko, alimwonyesha ukuta kwa kidevu. Mama Stela akauendea. Akaziangalia alama zangu za chaki, akaweka vidole chini yake, akavipandisha taratibu kama alivyotuona sisi. Bega lake la uzee lilikataa chini ya alama yangu ya pili. Alisimama hapo na mkono wake, akiutazama mwenyewe, halafu akarudi kukaa mkiani.

Zamu yangu ilipofika nikainuka. Vidole vilipanda, vikazipita alama zote, vikakomea usawa wa sikio. Hapo mkono ukakataa. Niliuacha ukatae, watu wakiuona, pamoja na uvimbe wake. Kisha nikaushusha, nikageuka, nikasema, "Tumefika hapa."

Deusi akafungua daftari na kueleza sheria. Mzee mmoja akasema, "Nzuri sana, Mungu awabariki." Deusi akamwomba aanze na Niliona. Mzee akafikiri. "Niliona watu wanangoja," akasema.

"Niliona mkono wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia," alisema mwalimu mwenzangu.

"Niliona hospitali haina daktari."

"Niliona chaki. Alama ya juu haijafika dirishani."

"Mimi niliona nafasi, nikakaa," alisema Mama Stela, na ghala zima likacheka.

Mama yangu akainuka. Alikuwa hajawahi kusema neno kwenye Mbichi, na sikujua kama alikuwa ameisikiliza sheria. Alishika mkungu wake kwa mkono mmoja, kama anayeogopa utaanguka. Watu wa Muleba walijiandaa kupiga vigelegele. Akaliangalia benchi.

"Niliona," alisema, "yule mama amekaa mahali pangu."

Akakaa chini. Deusi aliacha kuandika. Nilikuwa nimesimama na chaki mkononi, machozi yananitoka bila aibu yoyote, na sikumwendea kwa sababu nilijua hataki kukumbatiwa mbele za watu.

Baadaye watu walipoulizana habari ya shukrani, mama alisema ndizi zipikwe watu wapate kula, na shukrani ataitoa akishajua anashukuru nini. Wanawake wakakaa nyuma ya ghala kumenya. Joas akakaa kati yao na kisu chake, wakamcheka, wakamfundisha kushika. Mama alinipakulia mwenyewe na kuniletea sahani. Alisubiri mpaka nikameza tonge la kwanza.

"Jumatatu basi linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Haya."

"Na mbuzi?" niliuliza.

"Atakaa kwa jirani," alisema. "Mbuzi ni mbuzi."

Majibu yalikuwa salama. Nakuambia mapema ili usisome ukiwa umeshikilia pumzi, maana najua unavyosoma. Tangu hapo narudi Mwanza kila baada ya miezi kadhaa, na kila mara tumbo linaniuma wiki nzima kabla. Mkono umepanda mpaka juu ya kichwa, haujanyooka. Ngoma tunaionyesha bado, benchi letu siku hizi linaachwa na nafasi mkiani makusudi, na haijapata kutokea ikabaki wazi. Mwisho hatujaupata. Deusi ameacha kuuliza.

Lakini nilitaka ufike na mimi mpaka asubuhi ya Jumanne ile, kwenye korido ya Mwanza. Mama alikuwa hajawahi kuliona benchi refu vile. Alimsalimia kila aliyekaa, mmoja mmoja, akiinama, mpaka watu wakaacha kusinzia. Akafungua jani la mgomba na kuwagawia kahawa ya kutafuna. Wasukuma waliipokea kwa adabu na kuishika mkononi wasijue waifanye nini. Kisha akakaa mkiani, karibu na mimi, mkoba mapajani.

Mara ya kwanza watu waliposogea alichelewa, nikamgusa kiunoni. Mara ya pili hakuchelewa. Ilipofika saa tano tulikuwa katikati. Hakuniuliza chochote kuhusu majibu. Aliushika mkono wangu wa kushoto, ule mnene, akauweka juu ya mkoba wake ili upumzike, kama nesi alivyonishauri, ingawa mimi nilikuwa sijamwambia.

Mlango ukafunguka, mmoja akaingia. Benchi likaanza kusogea kutoka mbele, mmoja baada ya mwingine, likatufikia. Mimi nilikuwa nimezama mawazoni, naufikiria mlango. Kule mkiani, benchi likiwa limejaa, alikuwa amesimama mwanamke kijana, bahasha kifuani, macho yakitafuta mahali pa kushika. Ilikuwa siku yake ya kwanza, ungeijua kwa jinsi alivyosimama.

Mama akanisukuma kiunoni.

"Sogea, Koku," alisema. "Kuna mtu anataka kukaa."